Kushinda na Kufungwa: Uhakiki wa Mafundisho ya Maneno ya Michezo katika Kiingereza, Dodoma na Uwanda wa Kati

Katika mafundisho ya Kiingereza kwa wasio wenyeji wa lugha hiyo, hakuna somo linalodhaniwa kuwa jepesi kuliko somo la michezo. Hoja yake yajulikana: vijana hupenda michezo; apendaye jambo hupenda kulizungumza; basi apewe maneno yake, naye atazungumza. Kwa hoja hiyo somo hili limepata nafasi katika vitabu vingi vya Kiingereza vinavyouzwa duniani, na umbo lake halibadiliki sana. Kwanza huja picha za michezo pamoja na majina yake. Halafu huja kanuni ya vitenzi vitatu, yaani mpira hutumia "play", karate hutumia "do", na kuogelea hutumia "go". Mwisho huja swali la mazungumzo: ni mchezo upi uupendao, na kwa nini?

Uhakiki huu wahusu somo la namna hiyo lifikapo katika madarasa ya Dodoma na Singida, yaani katika Uwanda wa Kati wa Tanzania. Madai yake ni mamoja tu. Kijana wa huko hakosi maneno ya michezo, wala hakosi la kusema. Kinachomshinda ni sentensi. Somo linalompa orodha ya maneno lampa kile ambacho kwa sehemu kubwa anacho tayari, na kumnyima kile asichoweza kukipata peke yake: namna Kiingereza kinavyoyagawanya mambo ya uwanjani tofauti na Kiswahili, na namna ya kubishana kwa lugha hiyo pasipo kunyamaza wala kukosana.

Jambo hili si dogo. Katika shule nyingi za serikali kijana husomeshwa kwa Kiswahili katika elimu ya msingi, kisha sekondari humkuta na Kiingereza kikiwa lugha ya masomo. Na kwa watoto wengi wa uwanda huu Kiingereza ni lugha ya tatu. Mkoa wa Dodoma una Kigogo na Kirangi, ambazo ni lugha za Kibantu. Una Kiburunge, ambacho ni cha jamii ya Kikushi. Tena una Kisandawe chenye vidoko, ambacho wataalamu hawajakubaliana juu ya ukoo wake. Singida ina Kinyaturu na Kinyiramba, pamoja na Kidatoga cha jamii ya Kiniloti. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha watoto hawa, na mpira ni miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyazungumza pamoja kwa Kiswahili hicho. Kijana asipoweza kusema lolote kwa Kiingereza juu ya jambo alijualo kuliko yote, hapana sababu ya kutumaini kwamba ataweza kusema juu ya usanisinuru au mapinduzi ya viwanda.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Msamiati wa mpira wa miguu katika Kiswahili una mito miwili. Mto wa kwanza ni wa maneno ya Kiingereza yaliyovaa sauti za Kiswahili: goli, kona, penalti, faulo, refa, kocha, timu, mechi, ligi, fainali, beki, winga, golikipa. Hata jina la klabu ya Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, latokana na neno la kwanza la "Young Africans". Na klabu ya Simba, iliyoanza mwaka 1936, iliitwa Sunderland kabla ya kupewa jina lake la sasa mwaka 1971. Mto wa pili ni wa maneno yaliyochimbwa ndani ya Kiswahili, mengi yakienezwa na watangazaji wa redio na waandishi wa magazeti: bao, lango, mlinda mlango, kiungo, mshambuliaji, mwamuzi, kipyenga, chenga, danadana, kanzu, tobo, kuotea.

Kwa mwalimu wa Kiingereza mto wa kwanza ni akiba kubwa, lakini ni akiba yenye mitego. Kijana wa Kidato cha Kwanza hahitaji kufundishwa kwamba "corner" ni kona. Ahitaji kuonyeshwa kwamba neno alilolitamka tangu utotoni huandikwa hivyo, na kwamba silabi yake ya mwisho haitamkwi kama ilivyo katika Kiswahili. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Mitego ndiyo yenye kudai muda. Neno rafu, kwa mfano, limetoka katika kivumishi "rough", lakini katika Kiswahili limekuwa nomino: mchezaji humchezea mwenzake rafu. Kijana akilirudisha neno hilo kwao bila maelezo, atasema kitu mfano wa "he played me rough", na Mwingereza hataelewa kwamba palikuwa na kosa, achilia mbali kwamba refa alipuliza kipyenga. Neno lililosafiri halirudi kwao likiwa lilelile. Orodha ya picha haiwezi kulionyesha jambo hili, maana picha ya faulo ni ileile katika lugha zote.

Kuna mambo mazito zaidi ya hayo, nayo hayamo katika majina bali katika vitenzi. Kiswahili husema Simba imeshinda mechi, na husema pia Simba imeishinda Yanga. Kitenzi ni kimoja. Kinachoshindwa chaweza kuwa mchezo, kikombe, au mpinzani. Kiingereza hakikubali. Kina "win" kwa mchezo na kikombe, na kina "beat" kwa mpinzani. Kwa hiyo kosa la "Simba won Yanga", lisikikalo sana Afrika ya Mashariki, si kosa la uzembe. Ni sentensi ya Kiswahili iliyo sahihi kabisa, iliyobadilishiwa maneno tu. Mwanafunzi aweza kulijua neno "win" tangu darasa la nne, akaliandika bila kosa la herufi, na bado akalikosea kila siku, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kushinda ni maneno mawili katika lugha ile.

Upande wa aliyeshindwa nao una taabu yake. Kiswahili hutumia kauli ya kutendwa: Yanga imefungwa na Simba. Kiingereza aghalabu hutumia kitenzi kisicho cha kutendwa, "lose", kisha humtaja mshindi kwa kihusishi "to". Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "na" ya kutendwa ni "by" ataandika kwamba Yanga "lost by Simba". Hapa sarufi aliyofundishwa vizuri juma lililopita ndiyo imponzayo leo.

Kihusishi "kwa" chastahili somo lake peke yake. Kijana asema kwamba timu yake imeshinda kwa mabao mawili, kwamba matokeo ni mawili kwa moja, kwamba bao la kwanza lilifungwa kwa kichwa na la pili kwa penalti. Kiswahili kimetumia neno moja mara nne. Kiingereza kitatumia "by" katika lile la kwanza. Katika la pili hakitatumia neno lolote, au kitatumia "to" kama ilivyo desturi ya Wamarekani. Katika la tatu kitatumia "with". Na katika la nne "from". Isitoshe, matokeo ya moja bila yana uzuri wake. Neno "bila", ambalo kazi yake ya asili ni kuonyesha kukosekana kwa kitu, limegeuka kuwa namba uwanjani, hata pana bila kwa bila. Mwanafunzi asemaye "one without" ameitafsiri lugha yake kwa uaminifu. Hajaambiwa tu kwamba Mwingereza ana neno "nil" ambalo, nje ya hesabu za michezo, halitumii mara nyingi.

Kitenzi "kupiga" ni mfano mwingine. Mchezaji hupiga shuti, hupiga pasi, hupiga kona, hupiga penalti, hupiga kichwa, hupiga chenga. Kiswahili hupenda kitenzi kimoja chenye nguvu, kisha nomino ikabeba maana. Kiingereza hapa hutawanya: kona na penalti hutumia "take", pasi, shuti, kichwa na chenga kila moja yaweza kuwa kitenzi chenyewe. Hii ndiyo kanuni ambayo ingemfaa kijana wa Dodoma kuliko ile ya "play", "do" na "go". Kanuni ya vitenzi vitatu si ya uongo, lakini imetungwa kwa ajili ya mtu atakayetaja michezo mingi pasipo kueleza hata mmoja. Itamwezesha kusema kwamba watu "huenda" kuteleza juu ya theluji, jambo ambalo si la kawaida mahali popote kati ya Manyoni na Mpwapwa. Haitamwezesha kueleza bao aliloliona jana katika Uwanja wa Jamhuri.

Na pana maneno ambayo tofauti yake ni ya fikra. Kuotea, kabla ya kuwa neno la mpira, ni kuvizia, kama mwindaji amwoteavyo mnyama. Neno hili lamshtaki mchezaji nia: amejificha nyuma ya mabeki akingoja. "Offside" ya Kiingereza haimshtaki mtu. Yataja mahali alipo. Ndiyo maana Kiswahili kina kitenzi, "ameotea", na Kiingereza husema tu kwamba mtu "was offside". Sheria ya kumi na moja ya mpira huanza na mahali, ikifuata lugha ya Kiingereza; humwangalia mchezaji alipokuwa wakati mwenzake alipougusa mpira, kisha kama ameingilia mchezo. Mabishano mengi juu ya kuotea hutokana na watu wawili wanaolitumia neno moja, mmoja akitazama nia na mwingine akitazama mstari. Darasa likiliona hili, limeona jambo la lugha na jambo la sheria kwa pamoja. Kinyume chake, yako mambo ambayo Kiswahili cha Tanzania huyatofautisha kwa maneno mawili pale Kiingereza kinapoongeza kivumishi: waandishi wa michezo wengi huita sare matokeo ya bao kwa bao, na suluhu yale yasiyo na bao. Mwanafunzi apaswa kujua kwamba safari hii ni Kiingereza kilicho na upungufu, ili asidhani kwamba kila tofauti ni dosari ya lugha yake.

Njeo za vitenzi nazo zataka kutazamwa. Vitabu vya sarufi humfundisha mwanafunzi kwamba njeo sahili ya wakati uliopo ni ya mazoea, sawa na "hu-" ya Kiswahili: yeye hucheza kila Jumamosi. Kanuni hiyo ni njema. Lakini mtangazaji wa mpira kwa Kiingereza huitumia njeo hiyohiyo kwa tendo linalopita mbele ya macho yake, pale mtangazaji wa Kiswahili anapotumia "-na-" na "-me-": anampasia, anapiga, amekosa. Kizazi kizima cha wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam kiliuona mpira kwa masikio, na ufundi wa njeo hizo kimeurithisha kwa wajukuu. Zoezi la kutangaza mpira kwa Kiingereza, dakika mbili tu, lingeonyesha matumizi ya njeo ambayo somo la kawaida huyaficha, na lingemfanya kila mwanafunzi afungue kinywa. Hakuna picha ya fimbo ya besiboli itakayofanya hivyo.

Sasa yafika zamu ya mazungumzo, ambayo ndiyo shabaha inayotajwa ya somo lote. Swali la mchezo uupendao ni swali la dodoso. Hujibiwa kwa sentensi moja, na sababu yake hujibiwa kwa nyingine, kisha mazungumzo yamekufa. Mazungumzo ya michezo katika Kiswahili hayaendi hivyo kamwe. Yana mshindani, yana ushahidi, yana kumbukumbu za mechi za miaka iliyopita, na juu ya yote yana utani. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na jina hilo si la mapambo. Latokana na utani wa makabila, ambao Wagogo na jirani zao waujua vyema: mtani ana haki ya kukucheka hata msibani, nawe huna ruhusa ya kukasirika. "Rivals" ya Kiingereza yataja ushindani, ila haitaji ruhusa hiyo. Kijana anayetafsiri maneno ya utani neno kwa neno kwa Kiingereza atasikika kuwa mtovu wa adabu; na kijana aliyeonywa asiwe mtovu wa adabu, asipopewa maneno mengine, atanyamaza.

Kwa hiyo maneno ya kufundishwa hapa si ya michezo hata kidogo. Ni maneno ya kukubali nusu na kukataa nusu, ya kudai ushahidi, ya kurudi nyuma kwa heshima, ya kutofautisha lililoonekana na lililodhaniwa. Kiswahili kina "sawa, lakini", kina "tuseme ni kweli", kina "wewe uliona wapi". Mwanafunzi afundishwe wenzake wa Kiingereza, kisha apewe jambo la kubishania. Uwanda wa Kati una mambo ya kutosha. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida, alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya riadha kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda uleule, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyowatenganisha. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Simbu alikuwa amepata medali ya shaba mjini London mwaka 2017. Je, miaka minane ile ilikuwa ya kungoja au ya kujenga? Je, mbio za kilomita 42 zaamuliwa na miguu au na akili? Haya ni maswali yenye pande mbili, na kila upande wahitaji "beat", "win", "by" na njeo za wakati uliopita. Maneno yakija yakiitwa na haja, hukaa.

Yapasa kuwakumbuka wasichana pia, maana somo la michezo mara nyingi hugeuka kuwa somo la mpira wa miguu, na somo la mpira wa miguu kuwa la wavulana. Katika mpira wa pete kila mchezaji kati ya wale saba huvaa kifuani herufi za Kiingereza: GS, GA, WA, C, WD, GD, GK. Msichana aliyechezea shule yake katika UMITASHUMTA, kisha UMISSETA, amezivaa herufi hizi miaka mingi. Anajua kwa mwili wake kwamba GS na GA tu ndio wenye ruhusa ya kufunga, na kwamba C aweza kwenda kote isipokuwa katika nusu duara za magoli. Sheria hizo zote, zikisemwa kwa Kiingereza, ni somo kamili la "may", "must" na "must not", mada iwapayo taabu wanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Kiingereza kimeandikwa juu ya nguo yake. Ni haki yake aambiwe maana yake.

Yawezekana kupinga kwamba njia hii yaingiza Kiswahili katika somo la Kiingereza, na hivyo kulidhoofisha. Pingamizi hilo lina historia. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985; serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 Criper na Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine, na bado wakataka kiendelee kuwa lugha ya kufundishia kwa kupewa msaada. Tangu hapo wataalamu, miongoni mwao Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamesisitiza kwamba kufundishwa lugha na kufundishwa kwa lugha ni mambo mawili. Katika miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Dodoma kilishirikiana na Chuo Kikuu cha Bristol na Chuo Kikuu cha Aga Khan katika kuandaa vitabu vya Kidato cha Kwanza ambavyo vilimruhusu mwanafunzi kujadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Basi hoja ya kukitumia Kiswahili kama daraja si ngeni Dodoma.

Hata hivyo pingamizi lina ukweli ambao haufai kufunikwa. Daraja laweza kugeuka kuwa kituo. Mjadala ukianza kwa Kiswahili na utamu ukikolea, ni vigumu kuuhamisha. Kengele italia, na Kiingereza hakijasemwa. Tena mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani hawezi kuwasikiliza wote. Dawa yake ni kipimo. Kiswahili kipewe dakika kumi za mwanzo kwa kazi moja tu: kila kundi litoe sentensi tano kuhusu mechi au mbio waijuayo, jinsi zinavyosemwa mtaani. Sentensi hizo ziandikwe ubaoni, nazo ndizo zifanyiwe kazi kwa Kiingereza kwa muda wote uliobaki. Mwalimu hatafuti maneno magumu ndani yake. Atafuta mahali ambapo lugha mbili zimeachana njia, na hapo ndipo asimame. Katika sentensi tano za wapenzi wa Simba, Yanga au Dodoma Jiji, haiyumkiniki kukosa "kushinda", "kufungwa", "kupiga" na "kwa".

Waandishi wa vitabu na walimu wa vyuo vya ualimu nao wana deni katika jambo hili. Kamusi na orodha za istilahi za michezo zimekuwa zikikusanya majina, na kazi hiyo ni ya thamani. Lakini haitoshi kwa mwalimu wa Kiingereza. Anachohitaji ni mkusanyo wa vitenzi na vihusishi vya michezo, Kiswahili kikiwa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kila kimoja katika sentensi nzima, pamoja na makosa yanayotazamiwa na sababu zake. Kazi hiyo yaweza kufanywa na watu wachache kwa muda usio mrefu, na mahali pa kuifanyia pafaapo zaidi ni pale ambapo Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili kwa wengi na Kiingereza ni ya tatu. Uwanda wa Kati ni mahali hapo.